Jeraha Lisilo na Kiambatisho

Ipo nishani moja katika jeshi la Marekani ambayo askari mwenye akili timamu huomba Mungu asije akaistahili. Inaitwa Purple Heart, yaani Moyo wa Zambarau, na hutolewa kwa askari aliyejeruhiwa au kuuawa kwa mkono wa adui. Asili yake ni beji iliyoanzishwa na Jenerali George Washington tarehe 7 Agosti 1782, ikasahauliwa kwa takribani miaka 150, kisha ikafufuliwa na Jenerali Douglas MacArthur tarehe 22 Februari 1932, siku ilipotimia miaka 200 tangu Washington kuzaliwa. Hapo mwanzo iliweza kutolewa hata kwa utumishi uliotukuka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utumishi ukaondolewa, ikabaki damu.

Naandika habari zake kwa sababu niliwahi kuiomba. Sikuiomba kwa ajili yangu, maana sijapata kubeba silaha zaidi ya ile bunduki ya mbao tuliyofundishiwa gwaride shuleni. Nilikuwa karani tu, kwa maana ya kale ya neno hilo: mtu anayemwandikia mwingine barua.

Nilipokuwa nasomea shahada ya uzamivu katika jimbo la Wisconsin nilipanga chumba katika nyumba ya mjane mmoja mwanamume, aliyekuwa ametimiza miaka 80. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza kama ilivyo desturi ya kwao. Malezi yangu yalikataa. Nikamwita Mzee. Alipoelezwa maana yake alilipenda jina hilo kiasi kwamba akajifunza na kuitikia "marahaba" kila asubuhi, kwa sauti ya juu, kama mtu anayeitikia jina lake kwenye paredi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka na wanawe walikuwa wanaishi mbali. Ndiyo maana jioni moja ya mwaka 2011 aliniuliza kama ningeweza kumpigia chapa maombi ya kwenda ofisi ya jeshi inayoshughulikia nishani.

Nilimwuliza kwa nini sasa, baada ya miaka 60. Akanieleza kisa cha hospitali. Daktari wake alikuwa amemwandikia kipimo cha MRI. Kabla mgonjwa hajaingizwa katika mashine ile, ambayo ndani yake mna sumaku yenye nguvu kubwa, huulizwa kama ana chuma mwilini. Mzee alijibu kwamba anacho pajani. Wakampiga eksirei, vikaonekana vipande vitatu, na kipimo kikasitishwa papo hapo, kwa kuwa sumaku ile ingeweza kuvisogeza. Muuguzi alimwuliza vimetoka wapi. Akajibu, "Korea." Muuguzi akaliandika neno hilo kwenye fomu. Mzee aliniambia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mtu mwenye mamlaka akiliandika.

Alijeruhiwa mwezi Septemba 1951, katika mapigano ya kugombea vilima upande wa mashariki wa Korea, baada ya bomu la mota kuangukia karibu na handaki lake. Mtabibu wa platuni alimtoa vipande alivyoweza kuvifikia, akamfunga, akamwambia atamwandikisha watakapoteremka. Siku ya nne mtabibu yule aliuawa. Platuni ilikuwa imebaki na watu wachache mno, na Mzee, kijana wa miaka 20 wakati huo, aliona haya kuteremka hospitali na kuwaacha wenzake kilimani. Akabaki. Jeraha likajifunga lenyewe, na chuma ndani yake.

Sasa lipo jambo ambalo nililijua kwa kuzisoma kanuni za jeshi lao usiku kucha, nikiwa nimeweka kando sura ya tatu ya tasnifu yangu. Nishani nyingine za kivita mtu hupendekezwa na mkubwa wake, na mkubwa anaweza kupendekeza au kunyamaza. Hii haihitaji mapendekezo. Kanuni zinasema aliyetimiza masharti anaistahili, basi. Ni haki yake. Masharti yenyewe, kwa ufupi, yanataka jeraha liwe limetokana na adui, liwe limehitaji kutibiwa na mtabibu, na matibabu hayo yawe yameingizwa katika kumbukumbu rasmi. Hayo mawili ya mwanzo Mzee aliyatimiza kwa paja lake. La tatu lilimtegemea mtabibu aliyekufa na karani ambaye hakuwahi kukiona kile kilima.

Tuliambatisha picha ya eksirei. Tuliambatisha barua ya daktari. Tuliambatisha barua aliyomwandikia mama yake Oktoba 1951, akisema kwamba mguu unapona na asihangaike. Kanuni huruhusu pia viapo vya mashahidi waliokuwapo, kwa hiyo tukaanza kuwatafuta. Katika daftari lake dogo mlikuwa na majina saba. Watano tulithibitisha wamekwisha kufa, mmoja hakupatikana, na wa saba tulimpata kwa simu katika jimbo la Ohio. Simu ilipokewa na binti yake. Alitueleza kwa upole kwamba baba yupo, ila hamkumbuki mtu yeyote, hata yeye binti humwita kwa jina la dada yake. Mzee akaomba apewe hivyo hivyo. Alizungumza naye kama dakika kumi, juu ya baridi, juu ya kopo za maharage, juu ya ofisa mmoja aliyekuwa akikoroma. Hakumgusia habari ya mguu. Nilikuwa nimekaa kando na kalamu mkononi, nami sikuandika neno.

Jibu lilikuja baada ya miezi saba. Lilikuwa na adabu zote. Ofisi ile haikuwa na shaka kwamba alipigana, na ilimshukuru kwa utumishi wake. Lakini picha ya eksirei, ilisema, huonyesha chuma, haionyeshi aliyekitupa. Na barua kwa mama haikutaja adui. (Askari gani wa miaka 20 humwandikia mama yake habari za adui?) Alishauriwa alete kumbukumbu za matibabu za wakati ule. Tukakata rufaa. Jibu la pili lilikuwa fupi kuliko la kwanza.

Hapa ndipo watumishi wa umma wanaosoma safu hii waniazime masikio. Kumbukumbu zenyewe zilikuwa wapi? Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika jengo la kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi, nje kidogo ya St. Louis, Missouri. Majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea. Kwa upande wa jeshi la nchi kavu, takribani asilimia 80 ya majalada ya askari walioachiliwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yalitoweka. Hayakuwa na nakala, na hakukuwa hata na orodha kamili ya kueleza ni ya nani yaliyoungua. Mzee aliachiliwa mwaka 1953. Kwa maneno mengine, aliyeagizwa kuleta karatasi hakuwahi kukabidhiwa karatasi hiyo aitunze. Mtunzaji alikuwa serikali, naye ndiye aliyeunguliwa. Lakini hasara ya moto iliandikwa kwenye hesabu ya mwenye jeraha.

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia Mzee, kwa sababu nililisoma baada ya jibu la pili na sikuona litamsaidia nini. Mwaka 1945, walipokuwa wakijiandaa kuivamia Japani, Wamarekani walitengeneza nishani hizi kwa wingi wa kutisha, wakikadiria idadi ya watakaoumia. Uvamizi haukufanyika. Zikabaki takribani 500,000 ghalani, zikaendelea kugawiwa Korea, Vietnam na hata baadaye. Yumkini nishani aliyokuwa akiiomba ilikuwa imekwisha kufuliwa na kuwekwa kwenye kisanduku chake kabla yeye mwenyewe hajajiunga na jeshi. Dola iliweza kukadiria majeraha nusu milioni ambayo hayajatokea. Hilo moja lililotokea ikaliomba kiambatisho.

Na wala haiwezi kusemwa kwamba hawajui njia nyingine. Katika madai ya mafao, yaani fedha, sheria yao inaagiza kwamba neno la askari aliyepigana lipokewe kama ushahidi wa jeraha lake, mradi linalingana na mazingira ya vita aliyopigana, hata kama hakuna maandishi rasmi. Na penye mashaka, apewe yeye faida ya mashaka hayo. Busara kubwa. Walioitunga walifahamu kwamba kwenye handaki hakuna masjala. Cha ajabu ni kwamba neno lile lile la mtu yule yule linatosha kwa fedha na halitoshi kwa kipande cha shaba chenye utepe. Nimelitafakari hili kwa muda mrefu. Nadhani fedha serikali huzihesabu kuwa gharama, na gharama hukisiwa. Heshima huihesabu kuwa tamko: ikishaitoa imekiri kwamba jambo hili lilitokea, na lilimtokea huyu, kwa sababu yetu. Kukiri ni kuzito kuliko kulipa.

Wapo watakaonijibu kwamba waongo ni wengi. Ni kweli, wapo. Wamarekani wenyewe walitunga sheria mwaka 2006 ya kumwadhibu anayejidai kuwa na nishani asizopewa. Mahakama yao ya Juu ikaibatilisha mwaka 2012 kwa hoja ya uhuru wa kusema, na mwaka uliofuata ikatungwa nyingine inayomlenga anayedanganya ili ajipatie manufaa. Sipuuzi tatizo hilo. Anayevaa nishani ya uongo anamwibia aliyekufa. Lakini mwongo, aghalabu, ndiye mwenye karatasi nzuri. Mtu aliyekaa miaka 60 bila kudai chochote, kisha akalazimika kusema kwa sababu ya mashine ya hospitali, si sura ya tapeli ninayoijua.

Tena mstari wenyewe wa kustahili na kutostahili huchorwa na mkono wa binadamu, na mkono huo huhama. Katika vita ile ile ya Korea walikuwapo maelfu ambao vidole vyao vya miguu viliungua kwa baridi. Kwa kanuni za jeshi la nchi kavu, baridi kali iliyomlaza mtu hospitali ilihesabiwa kuwa jeraha la kustahili nishani hadi tarehe 22 Agosti 1951. Baada ya hapo, hapana. Kidole kilichokatwa kabla ya siku ile kina heshima yake, na kilichokatwa katika kipupwe kilichofuata ni bahati mbaya ya mwenyewe. Maumivu ya moyo na akili yatokanayo na vita hayamo hata leo. Na tarehe 8 Januari 2020, Iran ilipoishambulia kwa makombora kambi ya Al Asad nchini Irak, tangazo la kwanza lilikuwa kwamba hakuna Mmarekani aliyedhurika. Idadi ikapanda polepole hadi kupita 100, wote wakiwa wametikisika ubongo. Rais wao wa wakati huo akasema amesikia kwamba wanaumwa vichwa. Waliopewa nishani kwanza walikuwa 29. Wengine 39 walikuja kupewa mwishoni mwa mwaka 2021, baada ya malalamiko na uchunguzi wa waandishi wa habari. Ubongo uliotikisika hautoi damu, na nishani hii, kama nilivyosema, ilibakiziwa damu.

Mzee alifariki mwaka 2015, mimi nikiwa nimekwisha kurejea nyumbani na kuanza kufundisha. Hakuipata. Mwaka 2024 nilisoma habari za mkongwe mwingine, wa jimbo jirani la Minnesota, aliyepita umri wa miaka 95, ambaye hatimaye alipewa Purple Heart kwa jeraha la Korea la mwaka 1951. Ilimbidi kukataliwa, kuishtaki serikali mahakamani, na kusaidiwa na seneta wa jimbo lake. Mtabibu wake naye anadhaniwa aliuawa. Niliifurahia habari hiyo, na nikahesabu: miaka 73, wakili, seneta, na afya ya kuishi karibu karne nzima. Haki inayohitaji vitu hivyo vyote kwa pamoja, sijui tuiite nani.

Huenda msomaji anajiuliza habari hizi za Wisconsin na Korea zinatuhusu nini sisi. Kwangu mimi zilinihusu tangu jioni ile ya kwanza, kwa sababu ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwezi Oktoba 1978 na kuiteka ardhi yetu hadi ukingo wa mto Kagera, yeye alikuwa mkulima wa migomba aliyepitia mafunzo ya mgambo, mmoja kati ya makumi ya maelfu ya aina yake waliochukuliwa kuongeza nguvu jeshini. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo. Mjomba alikuwa sehemu ya huo uwezo. Alipata kipande cha bomu nyongani katika njia ya kuelekea Masaka, mapema mwaka 1979, na tarehe 11 Aprili Kampala ilipotekwa yeye alikuwa amelala chali. Alirudi kijijini akichechemea. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, kwa hiyo sikuwahi kumwona akitembea vinginevyo.

Hakuomba nishani. Nilimwuliza siku moja, nikiwa likizo kutoka chuoni, kwa nini hakuwahi kwenda kuuliza popote. Alinitazama kama ninayemtania. "Mjomba wangu," akasema, "kwani hapa kijijini nani asiyejua?" Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyemwita kwa jina lake la ubatizo. Wakubwa kwa wadogo walimwita Masaka. Kwenye vikao vya ukoo alipewa kiti chenye mgongo bila kuomba. Kwenye misiba hakupewa jembe. Hakukuwa na haja ya jalada wakati kijiji kizima kilikuwa jalada.

Nilipokuwa Wisconsin nilijivunia sana jambo hili. Nilimweleza Mzee, naye akakaa kimya, kisha akasema kwamba mtaani kwake hakuna jirani hata mmoja anayejua kuwa aliwahi kuwa askari. Ningeweza kuishia hapo, nikaimba sifa za Afrika isiyohitaji karatasi, na baadhi yenu mngenipigia makofi. Lakini mjomba alifariki, na rika lake likamfuata mmoja mmoja. Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye harusi kijijini nikamsikia kijana, mjukuu wake wa kuzaa, akiwaeleza wenzake kwamba babu aliitwa Masaka kwa kuwa alikuwa akifanya biashara ya kahawa huko Uganda. Wote waliitikia kwa vichwa. Kijiji nacho kina moto wake, ila hauonekani moshi.

Sisemi kwamba nchi hii haikuwaheshimu wapiganaji wake. Ipo Nishani ya Kagera, na kwenye maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, naiona kwenye vifua vya wazee walionyooka kama mishumaa. Yapo makaburi ya Kaboya, Muleba, ambako mashujaa wetu wamelala. Hoja yangu ni juu ya yule aliyeko katikati: aliyerudi hai na chuma mwilini, hasa mgambo, ambaye aliingia vitani kutoka shambani na kurudishwa shambani. Huyo akija leo kwenye kaunta ya ofisi yoyote, ataulizwa nini kwanza? Ninyi mnaokaa nyuma ya kaunta hizo mnajua jibu. Tumewaona wastaafu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 wakizeeka katika foleni za kudai mafao, bahasha za kaki kwapani.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Aliyekuwa na umri wa miaka 18 alipouvuka mto Kagera sasa amepita miaka 60, na wengi walikuwa wakubwa kuliko hapo. Ofisa mmoja katika kila wilaya, akiwa na daftari na agizo kwamba aanze na neno la mzee mwenyewe: alikuwa kikosi gani, nani alikuwa kamanda wake, aliumia wapi, nani alimbeba. Kazi ya kulinganisha maneno hayo na taarifa za vikosi iwe ya serikali, ambayo ndiyo yenye taarifa hizo. Neno likigongana na taarifa, mzee aulizwe tena. Lisipopingwa na kitu, lisimame. Wamarekani wanao utaratibu wa namna hiyo kwa upande wa fedha, na hazina yao haijafilisika kwa sababu yake.

Wakati tukisubiri agizo hilo, na simjui atakayelitoa, likizo hii nimewatuma wanafunzi wangu tisa wa mwaka wa tatu wakaanze katika wilaya zao. Nimewapa fomu ya kurasa mbili niliyoitunga mwenyewe. Juzi usiku mmoja wao alinipigia simu kutoka Missenyi. Alikuwa amekaa barazani kwa bibi mmoja, mke wa mgambo, na mgambo mwenyewe yuko hai, haoni tena, ila anasikia vizuri.

"Mwalimu, shikamoo. Fomu ina sehemu ya namba ya jeshi. Babu ameitaja yote bila kusita, lakini hana karatasi hata moja. Niiandike, au niache nafasi mpaka tupate uthibitisho?"

Nikamwambia aiandike, kisha amsomee babu, asikie kama ni yenyewe.